Usifute kadi kabla ya kusoma kilichoandikwa ndani ya video

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako kwa jambo linalowagusa vijana wengi wanaoshika kamera huku Kusini: wapiga video za harusi na sendofu, za minada ya korosho, za mechi uwanja wa Nangwanda Sijaona, na wanaorusha droni juu ya ufukwe wa Msimbati na magofu ya Kilwa Kisiwani. Karibu wote wanajua kwamba picha ya mnato hubeba ndani yake kumbukumbu ya namna ilivyopigwa. Ukifungua sifa za faili kwenye kompyuta unakuta shata 1/200 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), apecha f/4 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), ISO 400 (kiwango cha kuongeza mwanga ndani ya kamera). Utaratibu huo unaitwa Exif na umekuwapo tangu 1995. Wakifungua video kwa njia hiyohiyo hawaoni kitu zaidi ya urefu, ukubwa na idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa sekunde, basi wanasema video haihifadhi setingi. Kadi inafutwa, kazi nyingine inaanza, na kosa lilelile linarudiwa Jumamosi inayofuata.

Ukweli ni kwamba kamera nyingi huandika setingi za mwanga ndani ya video, na baadhi huziandika upya kwa kila fremu. Shida ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana mahali pa kuziandika. Picha za JPEG zina mahali pamoja panapojulikana. Faili za MP4 na MOV hazina sharti hilo, kwa hiyo kila kampuni ilichagua kona yake, na kompyuta ya kawaida haiendi kuchungulia kona hizo. Anayejua pa kutafuta hupata jibu la maswali yanayowasumbua watu studio usiku kucha.

Tuanze na swali linaloulizwa zaidi hapa kwetu: mistari ya giza inayopanda na kushuka kwenye video iliyopigwa ukumbini. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija na za LED za bei nafuu hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ikiwa 1/50 au 1/100, kila fremu inakusanya mapigo kamili ya taa na picha inatulia. Ikiwa 1/60 au 1/125, fremu moja inapata mwanga mwingi kuliko nyingine, au sehemu ya juu ya fremu inapata kuliko ya chini, na hapo mistari inazaliwa. Kamera nyingi zinazofika sokoni zikitokea Marekani au Japani huja zimepangwa kwa mfumo wa NTSC, fremu 30 au 60 kwa sekunde, na shata ya otomatiki inakimbilia 1/60. Mpiga video analaumu taa za ukumbi, mwenye ukumbi analaumu kamera. Soma faili. Ukikuta 1/60 umemaliza ubishi: badilisha kamera iende PAL, fremu 25, shata 1/50. Kwenye kamera za Sony mabadiliko hayo yanadai kadi ifomatiwe upya, hivyo yafanyike nyumbani siku moja kabla, siyo wakati bibi harusi anaingia.

Ukikuta shata ilikuwa 1/50 na mistari bado ipo, tafuta chanzo kwingine. Huenda taa zinapunguzwa mwanga kwa kifaa cha jukwaani, ambacho huwasha na kuzima LED kwa kasi yake chenyewe. Au umeme ulitoka kwenye jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hutoa mizunguko 50 pale injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikilemewa na spika na mataa, mzunguko unashuka na taa zinashuka nao, na 1/50 yako hailingani tena na chochote. Huko vijijini Newala na Tandahimba, ambako sherehe nyingi hufanyika uwanjani chini ya jenereta, hili ni la kuangaliwa kwanza. Dawa ni kutenganisha mstari wa taa na mstari wa muziki, au kuleta taa zako za betri.

Swali la pili ni chenga. Video inarudi studio imejaa punje, na uamuzi unatolewa haraka kwamba kamera imechoka, inunuliwe nyingine. Faili mara nyingi linasema jambo tofauti. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya milimita 16 hadi 50, hufungua f/3.5 ukiwa hujavuta, lakini ukivuta hadi mwisho inafika f/5.6 hata kama hukugusa kitu. Ukiona ISO 12800 na f/5.6 kwenye faili, ujue mpiga video alisimama mbali akavuta. Angesogea karibu na kurudisha lenzi kwenye upana, f/3.5 ingempa mwanga zaidi kiasi cha hatua moja na theluthi (hatua moja ni mwanga mara mbili), na ISO ingeshuka hadi karibu 5000. Ukiona ISO 12800 na shata 1/200, kosa ni kubwa zaidi: kuirudisha shata 1/50 kunaleta hatua mbili, ISO inakuwa 3200, na chenga nyingi zinatoweka bila kununua kamera mpya. ISO ikiongezeka mara mbili ni hatua moja, shata ikichelewa mara mbili ni hatua moja, na apecha kutoka f/4 hadi f/2.8 ni hatua moja. Kwenye kamkoda zinazotumia desibeli badala ya ISO, kila desibeli 6 ni hatua moja.

Sasa tuseme mahali taarifa hizi zinapokaa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kamkoda za AVCHD, zinazotoa faili za MTS, huficha taarifa ndani ya mkondo wenyewe wa picha: tarehe, saa, shata, apecha, desibeli za mwanga ulioongezwa, hata kama kamera ilikuwa otomatiki au la. Kamera nyingi za Sony zinazorekodi XAVC S huweka njia ya tatu ndani ya MP4, kando ya picha na sauti, iitwayo rtmd, na ndani yake kila fremu ina apecha, shata na ISO yake. Watu huona faili dogo la XML pembeni, kwa mfano C0012M01.XML, wakadhani ndilo lenye kila kitu. Hilo lina aina ya kamera, idadi ya fremu, mkunjo wa rangi na timukodi (saa inayohesabu fremu); setingi za mwanga zimo ndani ya MP4 yenyewe.

GoPro kuanzia HERO5 zina njia yake, gpmd, yenye muda wa shata na ongezeko la mwanga la sensa, pamoja na mwendo na, kwa zile zenye GPS, mahali. Apecha ya GoPro haibadiliki, hivyo usiitafute.

Canon na Nikon za DSLR kwa kawaida huandika setingi mara moja tu, mwanzo wa kurekodi. Canon za miaka ya 2008 hadi 2010 hivi, kama EOS 5D Mark II na 7D, ziliacha faili dogo lenye kiambishi THM kando ya MOV, lenye jina lilelile, na Exif imo humo. Studio nyingi zimeyafuta mafaili hayo zikidhani ni takataka. Hapa kuna tahadhari moja. Setingi zilizoandikwa mara moja mwanzoni ni za kweli kwa video nzima ikiwa tu mpiga picha alifunga kila kitu kwa mkono. Kama ISO ilikuwa otomatiki, namba unayoiona ni ya sekunde ya kwanza, na dakika ya tano huenda ilikuwa kitu kingine kabisa. Usimhukumu mtu kwa namba hiyo.

Droni za DJI huandika faili la SRT, yaani faili la manukuu ya chini ya picha, lakini mpaka uwashe manukuu ya video kwenye setingi za programu ya kurushia. Likiwapo, lifungue kwa Notepad na utasoma kila fremu: iso, shutter, fnum, ev, mahali na kimo. Kwenye baadhi ya miundo fnum inaandikwa 280. Hiyo ni f/2.8, usishtuke. Ukiliacha folda moja na video, kwa jina lilelile, VLC inazionyesha namba juu ya picha ikicheza, na hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumfundisha kijana, kwa sababu anaona namba na matokeo kwa pamoja.

Simu ndizo dhaifu. iPhone huandika aina ya simu, tarehe na mahali ndani ya MOV. Nyingi za Android huandika tarehe na mahali tu. Shata na ISO za video hazimo. Anayefanya kazi kwa simu atumie programu ya kamera inayoruhusu kufunga shata na ISO, kisha aandike namba kwenye karatasi na kuipiga karatasi hiyo sekunde mbili mwanzoni mwa video.

Kifaa cha kusomea ni ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, inayotolewa tangu 2003 na inayofanya kazi Windows, Mac na Linux. MediaInfo nayo ni ya bure na ni nzuri kwa kujua kodeki (njia iliyotumika kubana video), kasi ya data na idadi ya fremu, lakini kwa setingi za mwanga inafaa kamera chache. Wenye kamera za Blackmagic hawahitaji kuhangaika: DaVinci Resolve, hata ile ya bure, huonyesha ISO, pembe ya shata na mizani ya rangi kwenye kidirisha chake cha metadata.

Kwa asiyetaka kuandika amri, njia ya Windows ni hii. Pakua ExifTool, fungua zipu, na uweke vitu vyote viwili mahali pamoja: faili la exiftool(-k).exe na folda ya exiftool_files. Ukizitenganisha haiwaki. Kisha badilisha jina la faili hilo liwe:

exiftool(-ee -a -G3 -w txt).exe

Buruta video moja uidondoshe juu yake. Kando ya video litatokea faili la maandishi lenye jina la video ile. Maneno yaliyomo kwenye mabano ya jina ndiyo maagizo: -ee inamwambia aingie ndani ya njia zilizofichwa, -a aonyeshe hata taarifa zinazojirudia, -G3 aonyeshe ni za fremu gani, na -w txt aandike kwenye faili badala ya kumwaga kwenye skrini. Bila -ee kwenye video ya Sony au GoPro utapata tarehe na aina ya kamera, pamoja na onyo la Kiingereza kwamba huenda kuna mengi zaidi yaliyofichwa. Wengi huliruka onyo hilo, kisha wakatangaza kwamba hakuna kitu.

Anza na kipande kifupi. Dakika 10 za fremu 25 ni fremu 15,000, na kila fremu ina mistari yake. Kompyuta ndogo itachukua muda, na faili la maandishi litakuwa refu kuliko gazeti hili kwa mwaka mzima.

Kwa anayetaka jedwali la kuangalia ISO ilivyopanda na kushuka, amri ya kuandika kwenye Command Prompt ya Windows ni hii, yote kwenye mstari mmoja:

exiftool -n -ee -p "$SampleTime,$ISO,$ExposureTime,$FNumber" C0012.MP4 > C0012.csv

Kabla ya kuitumia amri hii, irudishie programu jina fupi la exiftool.exe, na uiweke folda moja na video. Kwenye Mac na Linux tumia alama za kunukuu moja moja badala ya mbili. Alama ziwe zilizonyooka, siyo zilizojipinda. Tunakuomba Mhariri usiiruhusu mashine ya kupangia kurasa ibadilishe alama hizo wala kuunganisha vistari, maana herufi moja ikipotoka amri inakataa. Hiyo -n nayo ina sababu yake. Bila hiyo shata inaandikwa 1/50, na Excel ikiona 1/50 inaigeuza tarehe ya Januari 1950. Ukiweka -n unapata desimali: 0.02 ni 1/50, 0.01 ni 1/100, 0.0167 ni 1/60, 0.008 ni 1/125. Kwa GoPro majina ni ya wingi, ExposureTimes na ISOSpeeds, hivyo amri ya juu haitatoa kitu. Tumia ile ya kuburuta kisha utafute majina hayo ndani ya maandishi. Toleo la zamani la ExifTool likigomea faili kubwa, ongeza -api LargeFileSupport=1.

Jedwali likifunguka, tazama safu ya ISO. Kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambako unatoka kwenye kivuli cha matao na kuingia jua kali ndani ya hatua tatu, utaona ISO otomatiki ikiruka kutoka 3200 hadi 100, kisha shata nayo ikaanza kukimbia. Watazamaji wanaona ukuta ukipauka kwa nusu sekunde halafu ukarudi. Jedwali linakuonyesha sekunde yenyewe, na linakuambia kwamba eneo lile lilihitaji vipande viwili vilivyofungwa kwa mkono, siyo kimoja cha otomatiki. Kwa watu wanaorekodi magofu yale, au Boma la Kale la Mikindani, ili kulinganisha hali ya kuta mwaka hadi mwaka, namba hizi zina thamani zaidi. Doa jeusi ukutani linaweza kuwa unyevu mpya, au linaweza kuwa tofauti ya hatua moja ya mwanga kati ya video mbili. Bila setingi huwezi kujua.

Nalo jua la pwani lina hesabu yake. Saa sita mchana, anga safi, kanuni ya wapiga picha ni f/16 na shata iliyo sawa na ISO: kwa ISO 100, shata 1/100. Droni yenye lenzi ya f/2.8 isiyobadilika inapokea mwanga hatua 5 zaidi ya f/16, hivyo shata inalazimika kwenda 1/3200. Fungua SRT ya video za Msimbati zinazoonekana kukatakata, mawimbi yakirukaruka na makuti ya minazi yakitetemeka kama meno, na hiyo namba, au jirani yake, ndiyo utakayoikuta. Kila fremu imegandishwa mno, jicho linakosa ule ukungu mdogo wa mwendo unaounganisha fremu na fremu. Kutoka 1/3200 hadi 1/50 ni hatua 6, na kichujio, yaani kioo cheusi cha mbele ya lenzi, kinachokata hatua 6 ni ND64. Huo ndio ununuzi wa kufanya. Vijana wengi hununua ND8 kwa kuwa ipo dukani, inakata hatua 3 tu, shata inabaki 1/400, halafu wanasema vichujio havisaidii. Anayerekodi kwa rangi ya logi, yaani picha iliyofifishwa ili rangi zirekebishwe studio, ambayo kwenye kamera nyingi huanzia ISO 800, anaongeza hatua 3 nyingine, jumla 9, na ND64 haimtoshi. Anahitaji ile ya 500 hivi.

Kichujio chenyewe hakiandikwi popote. Kamera haijui kwamba umefunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Wala haijui apecha ya lenzi ya mkono isiyo na vijiti vya umeme. Hapo faili litaonyesha 0 au halitaonyesha kitu. Mambo haya mawili yaandikwe kwa kalamu, kila siku, bila kutegemea kumbukumbu.

Saa nayo huwachanganya watu. Ndani ya MP4 saa ya kurekodi inapaswa kuandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, lakini kamera nyingine huandika saa ya hapa moja kwa moja. Ukikuta sherehe ya saa kumi jioni imeandikwa 13:00 badala ya 16:00, usifikiri faili limechezewa.

Tunakuja sasa kwenye uharibifu, ambao ndio uliotusukuma kuandika. Taarifa hizi hufa kwa urahisi mno. Zinakufa unapoituma video WhatsApp kama video, kwa sababu inabanwa upya. Zinakufa unapoipitisha CapCut, Premiere au programu nyingine na kuitoa upya. Kinachotoka ni picha na sauti tu. Zinakufa hata ukikata kichwa na mkia kwa programu inayojisifu kwamba haibani, maana nyingi hunakili njia ya picha na ya sauti na kuiacha ile ya tatu. SRT ya droni inakufa pale mtu anapoburuta MP4 peke yake kutoka kwenye kadi. Na faili za MTS, hata kama taarifa zimo ndani, zinakata vipande vya gigabaiti 2 au 4 kwa rekodi ndefu; ukinakili vipande bila folda zake, programu nyingi zinashindwa kuviunganisha na sauti inaruka kwenye maungio.

Kwa hiyo nakili kadi nzima. Kwenye Sony ni folda ya PRIVATE yote, siyo CLIP peke yake. Kwenye nyingine ni DCIM yote pamoja na chochote kilicho pembeni. Ipe folda mpya tarehe na jina la kazi, usiyabadilishe majina yaliyo ndani. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala, la kwanza, la katikati na la mwisho, uone zinacheza hadi mwisho. Fanya nakala ya pili kwenye diski nyingine. Hapo ndipo ufomati kadi, na uifomatie ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta.

Ukitaka kumtumia mwenzako Lindi au Masasi faili asilia kwa WhatsApp, lichague kama dokumenti, siyo kama video. Likiwa chini ya gigabaiti 2 linakwenda bila kuguswa, na setingi zinafika zote.

Tunawaomba pia wanaoagiza kazi za video, yaani halmashauri, vyama vya ushirika vya korosho, taasisi za dini, vyuo na familia, waandike kwenye makubaliano kwamba watapewa mafaili asilia pamoja na filamu iliyohaririwa. Diski ya gigabaiti 500 inabeba harusi kadhaa. Ngoma kama Sindimba zinazorekodiwa leo zitatafutwa na watu ambao bado hawajazaliwa, na mtu wa wakati huo atakayetaka kurekebisha rangi au kusafisha chenga atafanya kazi bora zaidi akijua kamera ilikuwa ISO ngapi na shata ngapi kuliko akikisia.

Wenye kanda za MiniDV za miaka ya nyuma wasizisahau. Kanda hizo nazo zina tarehe, apecha, desibeli na shata zilizorekodiwa pamoja na picha. Kwenye kamkoda za Sony bonyeza DATA CODE wakati kanda inacheza. Mara ya kwanza inaleta tarehe na saa, mara ya pili setingi za kamera. Ukiihamisha kanda kwenda kompyuta kwa waya wa FireWire, data zote zinahama, na saa moja inachukua takribani gigabaiti 13. Ukitumia zile nyaya za manjano, nyekundu na nyeupe, picha inahama na taarifa zinabaki kwenye kanda. Unyevu wa pwani yetu hauzihurumii kanda, na kamkoda zinazocheza vizuri zinazidi kupungua. Aliye na kanda azihamishe mwaka huu.

La mwisho ni la usalama wa watu. Njia hizohizo zinazobeba ISO na shata, kwenye droni, GoPro na simu, hubeba pia mahali, kwa usahihi wa kuonyesha nyumba. Video ya unyago, ya mtoto, au ya mtu aliyeomba asijulikane, isitolewe ikiwa faili asilia. ExifTool inaweza kufuta mahali palipoandikwa mara moja kichwani mwa faili, lakini haifuti yale yanayoandikwa kila fremu ndani ya njia iliyofichwa. Itoe upya video hiyo kwenye programu ya kuhariri, SRT ibaki kwako, kisha uipime nakala mpya kwa ExifTool yenye -ee kabla ya kuituma. Ukiona neno GPS popote kwenye maandishi yake, bado haijawa tayari kutoka.

Wapiga picha za video na wahariri,
Mikindani, Mtwara